Mafuta ya Jikoni na Mafuta ya Kujichubua

Wahenga walisema, “Penye miti hapana wajenzi.” Maneno hayo yatufaa sisi wakaaji wa Bukavu tunapotaka kutunza ngozi na nywele zetu. Mama aendaye soko la Kadutu kununua mawese, maparachichi na sambaza hupita mbele ya meza zilizojaa makopo na vichupa vyenye picha za wanawake weupe. Hudhani kwamba uzuri umo katika vichupa hivyo, kumbe sehemu kubwa ya vitu vinavyotakiwa na ngozi yake imo tayari katika kikapu chake. Hapo hutoa fedha ya chakula apate kununua kitu kitakachomdhuru, na kile ambacho kingemfaa hukichukua nyumbani pasipo kujua thamani yake.

Tena fedha yenyewe si nyingi. Mwezi wa Februari 2025 vita ilipofika Bukavu, benki zilifunga milango, kazi nyingi zikasimama, na jamaa nyingi zikajifunza upya kuhesabu kila faranga. Kwa hiyo si upuzi kuuliza: Ngozi yataka nini hasa? Na katika vitu vya nyumbani, kipi chafaa na kipi hakifai? Maana si kila kitu cha jikoni ni dawa, kama vile si kila kitu cha dukani ni sumu.

NGOZI YATAKA NINI

Ngozi ya juu ya mwili imejengwa mfano wa ukuta wa matofali. Matofali ni chembe ndogo zilizopangwa safu juu ya safu, na udongo wa kuyaunganisha ni mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza. Ukuta huo ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo, wala vijidudu haviingii kwa urahisi. Lakini sabuni kali, maji ya moto sana na upepo mkavu huyaondoa mafuta hayo. Hapo ngozi hupauka kama iliyopakwa majivu, ikawasha, na mwisho ikapasuka.

Mji wetu upo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa Kivu. Toka Juni hata Agosti mvua huadimika, na vumbi hutanda katika njia za Kadutu, Bagira na Ibanda. Ndiyo miezi ambayo midomo na visigino hupasuka. Tena, kadiri nchi ilivyo juu, ndivyo miali ya jua iunguzayo ngozi inavyozidi nguvu, hata siku isiyo na joto.

Juu ya jua hilo sisi Waafrika tumejaliwa kinga. Rangi nyeusi ya ngozi hutengenezwa na chembe maalum, nayo huzuia sehemu kubwa ya miali mibaya isifike ndani. Rangi yetu, basi, si uchafu wa kuoshwa, ni mwavuli. Wenzetu wenye ualbino, waliokosa mwavuli huo, huweza kupata vidonda vya jua na hata saratani ya ngozi wangali vijana, wasipojikinga kwa kofia pana na nguo za mikono mirefu. Watazame hao, msomaji, nawe utafahamu ni kitu gani anachokitupa mtu anayejichubua kwa hiari yake.

Kwa ufupi ngozi yataka mambo manne: usafi usiochubua, mafuta kidogo, kinga ya jua, na chakula chema. Hayo manne hayahitaji mali nyingi.

MAFUTA TULIYO NAYO

Mchikichi, ambao wengi wetu huuita ngazi, ni mti wa asili wa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Haupendi baridi ya milima yetu, lakini mafuta yake hutufikia kutoka nchi za chini zenye joto, kama vile Fizi, Mwenga na Shabunda. Tunda lake hutoa mafuta ya namna mbili. Nyama ya tunda hutoa mawese mekundu tunayoyapikia. Kiini kilichomo ndani ya kokwa hutoa mafuta mengine, ambayo huwa ya rangi ya kahawia kama kiini kimekaangwa kwanza.

Mafuta hayo ya kiini ndiyo yafaayo zaidi kupakwa mwilini, kwa sababu mawese mekundu hutia madoa nguo na shuka. Watu wa pwani, Zanzibar na Mombasa, tangu zamani hujipaka mafuta ya nazi. Mafuta ya kiini cha chikichi ni ndugu wa hayo ya nazi: karibu nusu ya kila moja ni mafuta ya aina ile ile, iitwayo asidi ya lauriki. Kwa hiyo mama wa Bukavu hana haja ya kuwaonea wivu dada zake wa pwani.

Wenye viwanda wa Ulaya walitambua mapema thamani ya mti huu. Mwaka 1911 William Lever, mtengenezaji wa sabuni wa Uingereza, alipatana na serikali ya Ubelgiji apewe nchi za michikichi katika Kongo. Mahali paitwapo Lusanga, huko Kwilu, pakabandikwa jina la Leverville. Watu wengi wa nchi ile walishurutishwa kukata mikungu ya chikichi kwa ujira mdogo, na mafuta mengi yakaenda ng'ambo kufanywa sabuni. Tukumbuke habari hiyo kila tunapodhani kwamba kitu chema ni kile tu kitokacho mbali ndani ya karatasi ya kung'aa.

Katika nchi za wafugaji zinazolizunguka ziwa letu, siagi ya ng'ombe nayo ilitumiwa tangu kale kulainisha mwili. Aliye nayo aichemshe polepole mpaka maji yake yaishe, aichuje, aiweke katika chombo kikavu chenye kifuniko. Ikianza kunuka, isitumiwe tena. Na asiye na siagi wala mafuta ya kiini asione haya kununua mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato wala ahadi za kubadili rangi. Bei yake ni ndogo, nayo huzuia maji ya ngozi yasikauke kama yafanyavyo mafuta mengi ya bei kubwa.

Wengi hukosea saa ya kujipaka. Mafuta hayaleti maji katika ngozi, huyafungia yaliyomo. Basi ujipake mara baada ya kuoga, ungali na unyevu kidogo, wala usingoje mpaka mwili ukauke kabisa. Kiasi cha kijiko kimoja au viwili chatosha mwili mzima wa mtu mkubwa. Kwa visigino vilivyopasuka, loweka miguu katika maji ya uvuguvugu robo saa, sugua taratibu kwa jiwe lenye matundu, kisha paka mafuta na uvae soksi usiku.

Mtoto mchanga apakwe mafuta kidogo tu, safi, yasiyo na harufu. Kitovu chake kisitiwe mafuta, wala majivu, wala majani. Kiachwe kikavu na safi, au kitiwe dawa iliyotolewa na mkunga.

SABUNI YA MAWESE

Katika mji wetu wapo akina mama na vijana wapatao riziki kwa kutengeneza sabuni ya mawese. Kazi hiyo ni njema, lakini yataka mizani na uangalifu. Sabuni huzaliwa pale mafuta yanapokutana na kitu kikali. Mababu zetu walitumia maji yaliyochujwa katika majivu, hasa majivu ya maganda ya ndizi. Hayo hutoa sabuni laini. Sabuni ngumu ya siku hizi hutengenezwa kwa soda kali inunuliwayo dukani.

Kilo 1 ya mawese yataka karibu gramu 135 za soda kali iliyo safi na kavu, pamoja na gramu 350 za maji. Hesabu hiyo huacha mafuta machache yasiyogeuka kuwa sabuni, ndiyo maana haichubui mikono. Soda ikizidi, sabuni itaunguza. Ikipungua sana, itakuwa laini na kunuka upesi. Kwa hiyo usikadirie kwa mkono wala kwa kijiko, pima.

Soda ndiyo itiwayo ndani ya maji, polepole. Maji yasimiminwe juu ya soda, yasije yakaruka usoni. Fanya kazi hiyo nje, penye upepo, umevaa glavu na miwani. Usitumie sufuria ya alumini, kwa maana soda huila. Maji ya soda yakipoa yakawa ya uvuguvugu, yatie katika mawese ya uvuguvugu, ukoroge mpaka uwe uzito wa uji. Mimina katika kasha, acha siku moja au mbili, kata vipande, kisha viache mahali penye hewa kwa majuma manne kabla ya kuvitumia.

Soda ikimrukia mtu, aoshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, si chini ya robo saa. Na ikiingia machoni, apelekwe hospitali akiisha kuoshwa. Tena usiiweke kamwe soda katika chupa ya soda ya kunywa au ya maji. Mtoto akinywa funda moja tu, huunguzwa koo, naye huweza kushindwa kumeza chakula maisha yake yote.

NYWELE

Unywele ulio nje ya kichwa hauna uhai. Uhai wake umo katika mzizi chini ya ngozi. Kwa hiyo hakuna mafuta yanayoulisha unywele, hata kama kopo lasema hivyo. Kazi ya mafuta ni kuufunika na kuulainisha usikatike. Nywele zetu, kwa kuwa zimejikunja, hukatika kwa urahisi penye mikunjo, na mafuta ya kichwani hayashuki upesi mpaka nchani. Ndiyo sababu zahitaji kusaidiwa.

Kabla ya kuosha kichwa, paka mafuta kidogo ya kiini cha chikichi, uyaache nusu saa. Hivyo maji na sabuni hayatazikausha mno nywele. Parachichi lililoiva sana, ambalo sisi huliita avoka, nalo lafaa: lipondeponde mpaka lisiwe na donge, changanya na kijiko kimoja cha mafuta, paka nywelini, funika kwa kitambaa nusu saa, kisha osha vizuri. Kilichobaki usikiweke hata kesho, kwa maana huoza upesi. Na parachichi zima lililo jema liliwe. Lile lililopondeka njiani na kukataliwa mezani ndilo la nywele.

Chana nywele zikiwa na unyevu, kwa kichana chenye meno mapana, ukianzia nchani na kupanda polepole. Msuko usivutwe mno. Binti alalamikaye kwamba kichwa chamwuma baada ya kusukwa, na ambaye vipele vyamtoka kando ya paji la uso, msuko wake ufunguliwe. Nywele zikivutwa miaka mingi, mizizi hufa, na paji hubaki wazi hata uzeeni. Wale wanaotumia dawa za kunyosha nywele wajue kwamba katika baadhi yake imo soda kali ile ile tuliyoitaja katika habari ya sabuni. Haimpasi mtoto.

Mtoto akiwa na mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatika na ngozi yatoa magamba, huenda ni choa. Mafuta hayatauponya ugonjwa huo. Yafaa dawa ya kumeza itolewayo na mganga wa hospitali. Vivyo hivyo upele uwashao usiku, hasa katikati ya vidole, hauponi kwa kupaka mawese. Watu wote wa nyumba moja hutibiwa siku moja, na nguo na shuka hufuliwa kwa maji ya moto, vinginevyo hurudishiana.

YATOKAYO CHUNGUNI

Wazee wa Kivu waujua ugonjwa uitwao bwaki. Mtoto huvimba miguu na uso, ngozi yake hubambuka, na nywele zake hugeuka kuwa nyekundu na nyembamba, zikang'oka bila kuvutwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa kituo cha uchunguzi cha Lwiro, kaskazini ya Bukavu, waliuchunguza sana ugonjwa huo katika watoto wa nchi yetu. Katika miaka hiyo ya 1960 iliundwa hapa Bukavu Kamati ya Kupinga Bwaki. Mafundisho yao yangali yatufaa: ngozi na nywele hueleza habari za tumbo. Mtoto mwenye nywele nyekundu zisizo na nguvu hahitaji pomada. Ahitaji chakula, na kwanza apelekwe kituo cha afya.

Mzizi wa unywele hujenga unywele kwa vyakula vya kujenga mwili, yaani samaki, mayai, maziwa, nyama na maharagi. Sambaza wa ziwa Kivu hawakuwamo ziwani tangu asili. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, nao wamekuwa chakula cha wengi. Fungu dogo la sambaza likigawanywa katika sahani za watoto lafaa kuliko kopo la mafuta yenye manukato. Maharagi yakiliwa pamoja na mahindi yafaa kuliko kimoja peke yake. Ugali wa muhogo mtupu hushibisha, lakini haujengi.

Hapa twarudi kwa mawese mekundu. Wekundu wake si rangi tu. Watokana na vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na vitamini hiyo hulinda macho na ngozi. Mtu aikosaye haoni vizuri gizani, na ngozi yake hukauka. Lakini mawese yakichomwa motoni mpaka yakawa meupe, faida hiyo hupotea. Basi, mama, tia mawese mekundu kijiko katika sombe au lengalenga bila kuyaunguza kwanza. Majani hayo nayo yana utajiri wa namna hiyo hiyo, na mafuta husaidia mwili kuupokea.

VITU VYA JIKONI VISIVYOFAA

Wako wanaofikiri kwamba kitu kikitoka shambani hakiwezi kudhuru. Hilo si kweli. Maji ya limau au ndimu yakipakwa usoni, kisha mtu akaenda juani, huweza kuunguza ngozi, ikatoka malengelenge na kuacha mabaka meusi kwa miezi mingi. Kitunguu saumu kikifungwa juu ya ngozi huchoma kama moto mdogo. Magadi na unga wa kuokea mikate huharibu ukuta ule wa ngozi tuliousema. Dawa ya meno si dawa ya kuungua wala ya chunusi. Na maji ya javeli ni ya choo na nguo, si ya mwili.

Asali ni rafiki wa ngozi. Midomo iliyopasuka hulainika ikipakwa asali kidogo usiku, maana asali huzuia vijidudu vingi visikue. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipakwe asali midomoni wala asipewe kuila, kwa maana mara nyingine hubeba mbegu za kijidudu kinachoweza kulegeza viungo vya mtoto mchanga na kumzuia kupumua. Kidonda kikubwa kipelekwe kwa mganga.

Mshubiri, ambao wengine huuita aloe, hufaa kwa kuungua kidogo au kuunguzwa na jua. Lakini kwanza sehemu iliyoungua imwagiwe maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kisha jani likatwe, utomvu wa manjano uachwe udondoke, kwa sababu huwasha. Ute mweupe wa katikati ndio upakwao. Kuungua kukubwa, au kwa uso, au kwa mtoto mdogo, si kwa kutibiwa nyumbani.

Kitu cho chote kipya, kiwe cha shambani au cha dukani, kijaribiwe kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje siku moja au mbili. Pakiwasha au kuvimba, kiache.

MAFUTA YA KUJICHUBUA

Sasa tuseme juu ya vile vichupa. “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Mafuta yanayoahidi kumfanya mtu awe mweupe kwa majuma mawili hujitembeza sana, yakiwa na picha nzuri na majina matamu. Ndani yake mara nyingi imo mojawapo ya sumu tatu, au zote pamoja.

Ya kwanza ni zebaki, ile madini ya majimaji. Huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini huingia mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito humpa mtoto aliye tumboni, na mama anyonyeshaye humpa katika maziwa. Hata wale wasiojipaka, wanaolala kitanda kimoja naye au kutumia taulo yake, huweza kuipata.

Ya pili huitwa hidrokinoni. Mwanzoni uso hung'aa, na mwenyewe hufurahi. Lakini akiendelea miaka, mashavu yake huweza kutokwa na mabaka ya rangi ya buluu na nyeusi ambayo hayaondoki. Waganga wa Afrika ya Kusini waliyaeleza madhara hayo mwaka 1975, na mwaka 1990 serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku mafuta ya namna hiyo. Tazama ajabu: mtu alitafuta weupe, akapata weusi wa ugonjwa.

Ya tatu ni dawa za hospitali zinazoitwa kotikosteroidi, kama vile klobetasoli na betametasoni. Mganga huziandika kwa siku chache, kwa ugonjwa fulani wa ngozi. Zikipakwa mwili mzima kwa miezi na miaka, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hupata michirizi, hujaa chunusi na ukungu, na vidonda huchelewa kupona. Huweza pia kupandisha sukari na shinikizo la damu. Mama akihitaji kupasuliwa ili azae, ngozi iliyodhoofika hivyo ni taabu kwake na kwa daktari ashonaye.

Nchi nyingi zimeyakataa mafuta hayo. Jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, toka mwisho wa mwaka 2018 walianza kuyaondoa kwa nguvu madukani. Mataifa yalifanya mkataba mwaka 2013 juu ya zebaki, unaoitwa Mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walitiwa sumu na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Ulianza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2023 mataifa hayo yakakubaliana kwamba kufikia 2025 mafuta ya urembo yasitiwe zebaki hata kidogo. Lakini mkataba haukai mlangoni pa kila duka. Macho ya mnunuzi ndiyo walinzi wa kwanza.

Basi, wanafunzi mliojua kusoma, wasaidieni mama zenu. Someni maandishi madogo ya kopo. Mkiona maneno mercure, calomel, hydroquinone, clobétasol au bétaméthasone, rudisheni mezani. Kopo lisiloandikwa vitu vilivyomo ndani, msilinunue. Na mafuta yaliyochanganywa na muuzaji mwenyewe katika kichupa kisicho na jina, msiyaguse, ijapokuwa anaapa kwamba ni karoti na asali tupu.

KWA YULE ALIYEKWISHA KUANZA

Mwanamke anayejichubua asitukanwe wala asichekwe. Mara nyingi hakuanza kwa majivuno. Labda aliambiwa na mchumba wake kwamba wasichana weupe ndio wazuri. Labda aliona wenzake weupe wakipendelewa kazini. Labda aliitwa “mweusi” tangu utoto kana kwamba ni tusi. Wanaume wanaosifu weupe na kisha kucheka vidole vyeusi vya mke aliyejichubua, wao nao wana sehemu katika ugonjwa huo. Vijana wanaotafuta mchumba wapime maneno yao, na baba wamsifu binti yao jinsi alivyo, kabla muuza vichupa hajampata.

Aliyeanza aweza kuacha. Lakini kama ametumia kwa muda mrefu zile dawa za hospitali, asikate ghafula pasipo shauri. Ngozi yaweza kuwaka na kuwasha sana, hata akarudi kwa hofu. Na kama dawa imeingia mwilini kwa wingi, kuiacha mara moja kwaweza kumletea udhaifu mkubwa. Aende kwa daktari, achukue kopo lenyewe, aseme kweli kuhusu muda aliotumia. Daktari atampunguzia hatua kwa hatua. Aliyetumia mafuta yenye zebaki aache mara moja, akapimwe mkojo na damu. Wakati huo ngozi itataka mambo yale yale manne: sabuni isiyo kali, mafuta ya kawaida baada ya kuoga, kofia au mwavuli juani, na chakula. Rangi yake itarudi polepole, kwa miezi. Hiyo si aibu. Ni dalili kwamba mwili waufungua tena mwavuli wake.

Jumamosi ijayo utakapokwenda sokoni, mama, fanya hesabu hii. Fedha ya kopo moja la kujichubua, itoe kando. Nunua nayo mafuta ya kiini cha chikichi, kipande cha sabuni ya mawese, maparachichi mawili na fungu la sambaza. Vipeleke nyumbani, uvitumie kwa majuma manne, na uyatazame mashavu ya watoto wako.